Masikio ya Bi Mkubwa

Jumatatu, 8 Juni

Daftari hili nilipewa kliniki, niandike mtoto ananyonya mara ngapi na analala saa ngapi. Nesi alisisitiza: kila siku, bila kuruka. Haya. Meneja kanyonya mara saba. Kalala mara mbili, dakika arobaini kila mara, kama mtu aliyevaa saa. (Naitwa Mama Meneja mtaa mzima. Mtoto ana miezi kumi, anasimamia kila kitu na hafanyi chochote.) Basi, kazi ya nesi imekwisha. Kurasa zinazobaki ni zangu.

Leo limekuja boksi. Jina la mume wangu juu, gundi ya karatasi kila upande utadhani ndani kuna chui. Nikalifungua. Ndiyo, nimelifungua! Nimezaa na mtu, nitashindwa kufungua boksi lake?

Ndani vibakuli viwili vya plastiki nyeusi. Mdomo mpana upande mmoja, mwembamba upande wa pili. Nikavijua mara moja. Ni vile vinavyokaa chini ya gari, nyuma, vinadaka upepo na kuupeleka kwenye breki zisichemke. Vya zamani vilipasuka likizo iliyopita, gari lilipokwaruza tuta. Mume wangu alinyamaza siku nzima kwa huzuni. Mimi nilipoteguka mguu aliniambia nikande na maji ya moto.

Gari lenyewe la spoti. Viti viwili, rangi ya bilinganya, limelala chini kiasi kwamba ukipita juu ya kokoto unazihesabu kwa makalio. Alilikuta limegongwa, limetupwa, akalifufua kwa mikono yake miaka minne, kabla hajanijua. Ndiyo maana naliita Bi Mkubwa. Yeye ndiye aliyeanza kuolewa. Mimi nimeolewa juu yake.

Sasa najua kitakachotokea. Baba Meneja anakuja Jumamosi asubuhi, anaondoka Jumatatu alfajiri. Siku mbili! Baada ya miezi mitatu ya kusimamisha minara ya umeme huko ambako mtandao unashika juu ya kilima kimoja tu, saa kumi jioni, kukiwa hakuna mawingu. Ataingia, atasema nimependeza, ataona boksi. Kwisha habari. Likizo iliyopita alikaa chini ya Bi Mkubwa siku zote mbili. Nilipata mume kuanzia magoti kwenda chini. Chai niliiweka karibu na kiatu. Nikisema neno, goti ndilo linaitikia.

Nilikuwa nimekaa kitandani, Meneja anatafuna kona ya boksi, wazo likanijia. Zuri mpaka nikasimama wima. Vibakuli nitavifunga mimi! Kabla hajaja! Atakuta kazi imekwisha, hana pa kuingiza kichwa isipokuwa nyumbani kwake. Nitapata siku mbili za mtu mzima: kichwa, mabega, mikono, vyote vimo.

Boksi nimelificha chini ya beseni la nepi chafu. Hapo hata mwizi anarudi nyuma.

Jumanne, 9 Juni

Meneja kanyonya mara nane. Jino la tatu. Limeniuma mimi, si yeye.

Nimekwenda kwa fundi wa kona. Mtaa unamwita Taratibu, kwa sababu ndilo neno lake na ndiyo kasi yake. Ni rafiki wa mume wangu, ananiita shemeji, na mdomo wake unavuja kuliko bomba la uani. Kwa hiyo nikaenda na uongo uliopigwa pasi. Nikasema nina rafiki yangu, anataka kubadilisha vidaka upepo vya breki za nyuma, afanyeje?

Taratibu akaweka spana chini. Akauliza rafiki yangu ana gari gani. La spoti. Rangi? Sikumbuki. Akauliza kama huenda ni rangi ya bilinganya. Nikasema huenda, rangi hiyo siku hizi ni nyingi. Akatazama barabara, kwanza kushoto, halafu kulia, kutafuta hizo nyingi.

Lakini ni mstaarabu, akanieleza. Yeye anaviita masikio. Nikaandika nyuma ya kadi ya kliniki, Meneja akiwa mgongoni: Jeki inainua tu, stendi ndiyo inayobeba. Gari likiwa juu ya jeki peke yake usiingize hata kidole. Toa tairi. Kila sikio lina bolti mbili na kibanio kimoja. Moja limeandikwa la kushoto, lingine la kulia. Na mwisho kabisa, pembeni kwenye kona kwa sababu nafasi iliisha, jambo ambalo Taratibu alilirudia mara tatu akiwa amenyoosha kidole.

Akasema pia kwamba kwa barabara zetu masikio hayo ni urembo, kama hereni. Gari linatembea salama bila hayo. Anayeyahitaji ni mtu anayependa kushuka milima mirefu mbiombio.

Najua mlima. Najua na mtu.

Nilipogeuka kuondoka akaniita. Akasema, "Shemeji, si amngoje tu mumewe, huyo rafiki yako?" Nikamwambia rafiki yangu amengoja miezi mitatu, mgongo umeshachukua umbo la kiti. Akasema taratibu, taratibu. Nikasema hiyo ndiyo shida yenyewe.

Jumatano, 10 Juni

Saa nne na dakika tano Meneja kafumba macho. Nina dakika arobaini. Mbio!

Nimevua turubai la Bi Mkubwa. Ananing'aria. Mimi nina maziwa begani na nywele hazijaguswa tangu Ijumaa, yeye amekaa tu na kung'aa. Nikamwambia tusitazamane hivyo, mwenzangu, leo nakuhudumia.

Mawe mbele ya tairi: tayari. Jeki: inapanda. Inapanda! Mkono mmoja, kama kusaga nyanya. Stendi mbili chini, nimezisukuma kwa bega, hazitikisiki. Nati ya kwanza ikagoma. Nikasimama juu ya spana kwa miguu miwili, nikaruka. Ikatoka na sauti ya mlango wa jela. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Nikajisikia mtu wa kuandikwa gazetini.

Ya tano si nati. Ni ua! Haina pembe, ina mikunjomikunjo, spana haishiki. Nimejaribu koleo. Nimejaribu kitambaa na koleo. Nimejaribu matusi madogo. Dakika ya thelathini na tisa Meneja kaamka, kwa uaminifu wake.

Saa kumi Baba Meneja akapiga, kilimani, upepo unavuma kwenye simu. Swali la kwanza: gari likoje? Nikasema salama. La pili: mtoto? Salama. La tatu ni langu, nilikuwa nimejiandaa. Nikamuuliza kama mtu tu anayewaza: hivi tairi za Bi Mkubwa haziwezi kuibiwa? Akacheka kwa fahari. Akasema haziwezi, kila tairi lina nati moja ya kufuli, haifunguki bila ufunguo wake maalumu, na ufunguo upo kwa dada yake.

Kwa dada yake!

Mimi ananiachia mtoto, nyumba, bomba linalovuja na mama yake akiumwa. Ufunguo anampa dada yake.

Nilitaka kumwambia neno jingine. Kwamba kitanda kimekuwa kipana sana upande wake. Nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nikasema turubai limechanika kidogo.

Sasa niandike habari ya ule mlima, maana umenikalia rohoni tangu jana. Wakati tunachumbiana alikuwa ananichukua Jumapili mchana. Tunapanda mpaka juu, halafu tunashuka mteremko ule mrefu, yeye amezima redio tusikie upepo. Tukifika chini breki zinanuka moto, anaegesha pembeni, tunasubiri zipoe. Robo saa, wakati mwingine nusu. Hakuna la kufanya ila kukaa tumetazama mbele, tunaongea. Aliniambia habari za baba yake pale. Aliniuliza kama nitaolewa naye pale, akiwa ameshika usukani wa gari lililosimama kama anakata kona.

Tangu Meneja azaliwe hatujaenda. Viti ni viwili, sisi ni watatu.

Alhamisi, 11 Juni

Operesheni Ufunguo. Andiko hili likikamatwa nitakana.

Wifi yangu ni mshonaji, mtaa wa tatu kutoka hapa. Ufunguo wa nati za mume wangu ameufanya jiwe la kukandamizia vitambaa akikata. Nimeuona mara mia pale mezani bila kuujua! Mpango: nimpelekee gauni alipunguze, akinipima kiuno Meneja aukamate ufunguo (anakamata kila kitu), niuteleze kwenye mfuko wa nepi, tuage kwa heshima.

Nilimfundisha Meneja asubuhi yote kwa kijiko. Akawa hodari.

Kumbe siku ya kazi mfanyakazi huonyesha rangi yake halisi. Meneja akapita ufunguo bila kuutazama, akakamata futi ya kupimia, akaanza kuimeza kuanzia sentimita ya kwanza. Wifi akamwinamia. Nikaona bora nimalize mwenyewe. Nikanyoosha mkono. Sindano mbili zikaingia kwenye kidole. Nikapiga kelele. Wifi akainuka, akanikuta nimeshika ufunguo mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kiko mdomoni.

Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, "Wifi, unataka kumtoroka kaka yangu na tairi moja?"

Nikasema nilikuwa nautazama tu, ni ufunguo mzuri. Akasema kweli, wengi hupita hapa kuutazama. Kisha akavuta kiti, akazima cherehani. Huyu mwanamke hazimi cherehani hata kwa msiba. Akasema ufunguo utatoka hapa mezani nikisema ukweli.

Nikasema ukweli. Boksi, masikio, magoti kwenda chini, mlima, yote. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akamtoa Meneja futi mdomoni polepole, mpaka sentimita ya kumi na mbili. Akaniuliza: kwa nini simwambii tu kaka yake kwamba nina hamu naye?

Watu bwana! Nikamwambia hayo ndiyo mambo ya kuambiana? Sisi tuko kwenye ndoa, hatuko redioni.

Akatikisa kichwa. Akanipa ufunguo. Akasema Jumapili saa nane atakuja kumchukua Meneja, nasi twende huko mlimani kwetu, na akikuta mtu yuko chini ya gari atamvuta miguu yeye mwenyewe. Gauni atalipunguza. Nilipofika mlangoni akaongeza kwamba hata hivyo halihitaji kupunguzwa, nimekonda. Nikatembea njia nzima nikiwa sijui nimetukanwa au nimepakatwa.

Ijumaa, 12 Juni

IMEKWISHA! Nimefunga masikio mawili ya gari kwa mikono hii, kwa vipindi viwili vya dakika arobaini! Niandike yote nisije nikasahau nilivyo hodari.

Nati ya ua ilitoka kama meno ya maziwa. Tairi nje. Nikalala chali juu ya maboksi, nikajivuta chini. Masikio ya zamani yananing'inia, yamepasuka, yamejaa matope. Bolti zina kutu. Mafuta ya cherehani aliyonipa Wifi, nikapaka, nikahesabu mpaka mia, zikalegea. Moja ilinidondokea kwenye paji la uso. Ni alama ya heshima.

Hapo nikaitafuta kadi ya kliniki kwa maelekezo ya mwisho. Kona haipo. Meneja kaila. Lile jambo ambalo Taratibu alilirudia mara tatu, limo tumboni mwa mwanangu.

Haidhuru, nina akili yangu. Sikio la kushoto nikaliweka upande wangu wa kushoto. Nilikuwa nimelala chali, kichwa kimeelekea mbele ya gari, lakini kushoto ni kushoto. Likakaa kimaajabu: mdomo mpana umeelekea nyuma. Nikawaza. Ekzosi inaelekea wapi? Nyuma. Moto unatoka wapi? Nyuma. Kwenye gari kila kitu kinaelekea nyuma isipokuwa taa na dereva. Na joto la breki lazima litoke nje, litoke wapi tena kama si nyuma? Nikaridhika.

Tundu moja la bolti halikukutana na mwenzake. Limepishana kama upana wa punje ya mchele. Watengenezaji nao ni wavivu. Nikaenda jikoni, nikachoma msumari kwenye moto, nikatanua tundu la plastiki. Moshi! Harufu! Lakini bolti ikaingia. Upande wa pili hivyohivyo, punje ileile. Nikafunga vibanio. Kimoja kikakatika, nikakifunga kwa uzi mweusi wa Wifi, hauonekani.

Tairi ndani, nati zote, ua la mwisho. Gari chini. Turubai juu.

Nikaoga. Nikasuka nywele mbele ya Meneja, akaniangalia kama mgeni. Nikabadilisha shuka. Nikalala kidogo upande wake wa kitanda, kuupasha moto.

Meneja: sijui. Mara nyingi.

Jumamosi, 13 Juni

Kaja! Saa mbili na nusu. Mweusi kwa jua, amekonda shingo, begi moja. Amesimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba. Nikasimama kama mtu aliyekosewa. Akasema nimependeza. Nikasema karibu. Karibu! Kwake mwenyewe!

Akanyoosha mikono ampokee Meneja. Meneja akamtazama usoni, mdomo ukapinda, akapiga yowe lililonyamazisha ndege. Nikamchukua, nikaingia naye chumbani kumbembeleza. Tulipotoka, Baba Meneja ameshahamia uani. Amesimama mbele ya turubai, mikono mfukoni.

Nilikuwa nimengoja hapo siku tano. Nikamwambia boksi lako lilikuja. Macho yakawaka. Nikamwambia na kazi imekwisha.

Hakuelewa. Nikarudia: masikio yote mawili, nimeyafunga mimi, nati ya kufuli na yote. Hakuna kilichobaki chini ya gari hili. Twende ndani, baba.

Akanitazama. Mtazamo ule nilikuwa sijauona tangu usukani ule uliosimama. Akasema, kwa sauti ndogo, "Wewe?" Akaulizia stendi, kama niliweka. Nikasema mbili. Akapumua. Halafu akapiga magoti, akainama, shavu karibu na ardhi, ayaone.

Akakaa hivyo muda. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Nilikuwa karibu kumshika mgongo. Kumbe kicheko! Kakaa chini kabisa, kafuta machozi, akasema Bi Mkubwa amegeuziwa masikio, sasa anasikiliza anakotoka badala ya anakokwenda. Ya kushoto yako kulia, ya kulia yako kushoto. Kushoto kwa gari ni kushoto kwa dereva aliyekaa, si kwa mtu aliyelala chali.

Nikamwambia maelekezo aliyala mwanawe.

Akasema hakuna neno, ni kazi ya siku moja tu. Matundu yametanuka, itabidi atengeneze vibati vya kuyashika. Atafanya kesho, asubuhi mpaka jioni.

Kesho. Jumapili. Siku yangu ya mlima.

Mchana wote alikuwa anakata vibati. Mimi nimekaa na Meneja kwenye mkeka, nawatazama wote wawili wasivyotazamana. Nimejifunga mwenyewe, na kwa uzi mweusi usioonekana.

Jumapili, 14 Juni

Saa tatu kaingia chini. Nikaona magoti. Nikasema hapana, chai karibu na kiatu siiweki tena. Meneja kalala. Nikachukua maboksi yangu, nikazikagua stendi kwa mkono (zimesimama imara), nikajilaza ubavuni kwake, nikajivuta ndani.

Akashangaa. Akanipa tochi nishike.

Huko chini ni chumba, kumbe. Dari yake iko chini, kina harufu ya grisi na ya sabuni yake ileile. Ukiongea sauti haiendi mbali. Nilimwambia habari za jino la tatu. Akanieleza anavyokula chakula cha mchana juu ya mnara, amefungwa mkanda, miguu inaning'inia, na kwamba siku kukiwa wazi anaona barabara ya kuja huku, sehemu ndogo, nyembamba kama uzi. Anaitazama mpaka chakula kinapoa.

Halafu bila kuacha kukaza bolti akasema jambo. Likizo iliyopita kazi ya gari iliisha siku ya kwanza, saa kumi. Siku ya pili alikuwa anafungua nati na kuifunga, anafungua na kuifunga. Kwa sababu kila akiingia ndani mtoto analia, nami namchukua mtoto nakwenda naye chumbani, na yeye anabaki sebuleni na begi lake kama mgeni ambaye hajaambiwa akae. Akasema, "Chini ya gari hakuna anayenililia."

Akaniambia tochi imehama kwenye bolti, niishike sawasawa.

Hapo ndipo ningesema. Wifi angesema. Mtu yeyote mwenye ulimi angesema. Nilifungua mdomo, nikasema nipe spana nikushikie.

Meneja aliamka, nikamnyonyesha, akalala tena, nikarudi chini. Saa nane Wifi kaja, akamchukua Meneja kitandani, akatoka uani akakuta miguu minne imetokeza ubavuni mwa gari. Nikamsikia anamwambia mtoto, tazama wazazi wako wamegongwa. Akatandika mkeka pale uani, akamweka Meneja, akaketi kumvisha soksi. Mtoto gani anakubali soksi? Akatoroka kwa kutambaa.

Tulimsikia anakuja. Viganja, pa, pa, pa, kwenye saruji. Alianzia mguu wangu, akaupita, anaujua. Akafika kwenye mguu wa baba yake.

Baba Meneja kakauka. Akauliza kwa kunong'ona ni nini hicho. Nikamwambia ni Meneja. Akasema, "Usimwite." Bolti iko katikati ya meno yake, haitoi. Meneja kafungua kamba ya kiatu. Kaionja. Kashika suruali, kashika goti, kisha tukaona kutoka kule chini vitu viwili vidogo, vinene, vyenye vumbi, vimekanyaga kando ya kiatu chake. Nyayo. Bila kutambaa!

Wifi akapiga ukelele kwamba amesimama, tutoke tuone! Baba Meneja akatikisa kichwa hapana. Asiguswe. Nasi tukalala hivyohivyo, tunaitazama miguu ya mwanetu magoti kwenda chini, mpaka ikachoka, ikakaa juu ya ugoko wa baba yake kama juu ya benchi. Yowe hakupiga. Machozi ya baba yake yalikuwa yanaingia masikioni, kwa kuwa amelala chali. Nikayafuta kwa kitambaa cha grisi. Sasa ana madoa.

Mlimani hatukwenda. Masikio yalikwisha magharibi, yameelekea mbele yote mawili.

Jumatatu, 15 Juni

Kaondoka alfajiri. Meneja kalala, baba yake kambusu nyayo.

Mlangoni akaingiza mkono mfukoni, akanitia kitu kiganjani. Ufunguo wa nati. Akasema nikae nao mimi. Nilikuwa na begi lake mkono mmoja, ufunguo mkono wa pili, nikakosa mkono wa kumshika. Akasema jingine: likizo ijayo hagusi gari, anaapa. Atakaa mkekani siku zote mbili. Na Jumapili ni mlimani, breki sasa hazitachemka tena, tutashuka moja kwa moja mpaka nyumbani bila kusimama.

Nikapunga mkono mpaka akakata kona. Nikarudi ndani nikiwa na furaha. Nimeshinda! Nilichokitaka Jumatatu iliyopita nimekipata, na sikuomba hata kwa neno moja!

Saa nne kasoro, furaha ikaanza kuniwasha.

Kwanza: mkekani? Akikaa mkekani Meneja atamwona uso, na uso hajauzoea, anajua miguu tu. Atapiga yowe, nitakwenda naye chumbani, mwenzangu atabaki na begi. Pili: bila kusimama? Tushuke mteremko wote, upepo unapuliza breki, breki baridi kama maji ya mtungi, tupite pale pembeni petu kama hatupajui? Na tutaongea saa ngapi?

Meneja kafumba macho saa nne na dakika tano. Mawe. Jeki. Stendi. Nati nne na ua lake. Dakika ishirini na mbili, nimekuwa fundi! Sikio moja nje, tairi ndani, turubai juu. Taratibu mwenyewe alisema ni hereni. Nani alikufa kwa kuvaa hereni moja? Limelala chini ya beseni la nepi.

Saa kumi akapiga. Upepo ule. Nikangoja gari likoje. Hakuuliza. Akasema, "Wewe hujambo?" Kisha akangoja jibu, kilima kizima kikangoja naye. Nilikuwa nimeketi upande wake wa kitanda. Neno lilikuwa mdomoni, fupi, limeshavaa viatu.

Nikasema mimi sijambo, ila Bi Mkubwa kuna kitu kinagonga huko nyuma, kushoto.

Akauliza kushoto kwa dereva, au kushoto kwa aliyelala?

Nikamwambia hapo sijui, baba. Uje na tochi mbili.

Meneja: kanyonya mara sita. Kalala mara mbili. Kasimama mara tisa, kila mara kwa kushika viatu vya baba yake vya kazi za nyumbani, pale mlangoni alipoviacha.